Jirani Aliyedai Kunyonyesha Mtaa Mzima

Kwa miaka mingi nilikana. Nilikana mbele ya baba yangu, mbele ya wenzangu wa bweni, mbele ya profesa aliyesimamia utafiti wangu, na siku moja nilikana mbele ya dereva wa lori ambaye hata hakuwa ameniuliza kitu. Nilisema kwamba nilivuka daraja la Garissa kila asubuhi kwa ajili ya tumbili, na tumbili peke yao. Sasa nimefika umri ambao aibu imechoka kunikimbiza, kwa hiyo nakiri. Tumbili niliwapenda, hilo si uongo. Lakini shamba walilokuwa wakiliibia lilikuwa la Jirani, na Jirani alikuwa na mtoto wa kiume, fundi wa pampu za maji kule Hagadera, ambaye kila Ijumaa baada ya sala alikuja shambani na shati lililopigwa pasi na grisi isiyotoka kwenye kucha. Nilimpenda huyo fundi. Haya, nimeandika.

Hata hivyo simwandiki yeye. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wa maneno machache hawajazi ukurasa. Namwandika mama yake, ambaye mtaani alikuwa na majina ya kila namna lakini nyumbani kwetu aliitwa Jirani tu, kana kwamba upande ule mwingine wa ua hapakuwa na mtu.

Kwanza nieleze tatizo, kwa sababu bila tatizo hili Jirani angebaki kuwa mwanamke mcheshi tu. Alidai kuwa amenyonyesha nusu ya mtaa. Kwetu dai hilo si la mchezo. Mtoto akinyonya kwa mwanamke asiye mama yake, akanyonya na kushiba, tena zaidi ya mara moja au mbili, anakuwa mtoto wake wa kunyonya. Watoto wa mwanamke huyo wanakuwa ndugu zake, na ndugu hawaoani. Ndiyo maana kabla ya posa yoyote mtaani, shangazi mmoja alitumwa kwa Jirani na sukari na majani ya chai kwenda kuuliza: je, huyu na huyu? Jirani alikunywa chai taratibu, akatazama mabati ya dari, kisha akataja nani alimnyonyesha nani, katika ukame upi. Hakuwa kadhi wala sheikh, lakini aliweza kuvunja harusi kwa kugusa kifua chake kwa vidole viwili.

Na kila aliponitambulisha kwa mtu alikigusa. "Huyu wangu," alisema. "Amenyonya hapa."

Mama yangu alifariki nilipokuwa kidato cha pili, kwa hiyo hakuwepo wa kumbishia. Baba nilimuuliza mara moja, kwa ujanja, kama ninayepita tu kwenye mazungumzo. Akasema, "Mwaka ule nilikuwa Ijara na ng'ombe. Mambo ya uani waulize wanawake." Wanawake wa uani walikuwa ni Jirani.

Hakubisha hodi. Alianza kuzungumza akiwa bado barabarani, hivi kwamba alipofika mlangoni hadithi ilikuwa katikati na wewe ulipaswa kujijazia mwanzo. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na garbasaa yake, ule mtandio mkubwa wa wanawake wetu, ilikaa kichwani kwa nadra, kwa kuwa mara nyingi ilikuwa imefungwa mgongoni na mtoto ndani yake. Mtoto wa nani, hilo lilibadilika. Kwenye foleni ya zahanati alipita akikagua akina mama kama mnunuzi wa mifugo, na alipoona mkono umelegea alinyoosha wake. "Lete," alisema. Hakusema naomba. Nimeona wanawake wasiomjua kabisa, wageni walioletwa Garissa na uhamisho wa waume zao, wakimkabidhi mtoto bila kujua kwa nini wamemkabidhi, kisha wakikaa kwenye benchi na uso wa mtu aliyetuliwa gunia.

Aliniita hooyo, neno la mama, ambalo kwetu mama humwita nalo mtoto wake. Lakini aliwaita hivyo watu wote, hata wanaume wa makamo waliokuja kumdai kodi ya kibanda. Mimi nilimwita eddo, shangazi, kama adabu inavyotaka, na kila nilipolitamka neno hilo nilijipa moyo: shangazi, si mama. Shangazi.

Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya daraja, kwenye ukingo wa mto Tana, pale ambapo migomba na nyanya zinapakana na msitu mwembamba wa mto. Tumbili walitoka msituni asubuhi kama wafanyakazi wanaoripoti zamu. Jirani aliwasubiri na kombeo. Alikuwa hatari kwa kombeo, ingawa si kwa tumbili hasa. Ndoo ya mwenye shamba la pili ilikuwa na tundu, na jogoo mmoja alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake.

Alikuwa na sheria moja: tumbili aliyebeba mtoto hapigwi. Na hapo ndipo alipopata nadharia yake, aliyonieleza siku ya kwanza nilipofika na darubini ya chuo shingoni na kiburi cha shahada kichwani.

"Hawa wameshanijua," alisema. "Tazama. Huyo anamchukua mtoto, anaingia kwenye nyanya, anakula. Akishiba anampa mwenzake mtoto, naye anaingia. Wanapokezana mtoto kama kitambulisho kimoja cha watu kumi kwenye kizuizi cha daraja."

Nilicheka, nikamweleza kwa upole wa msomi kwamba wanyama hawapangi namna hiyo. Kisha nikaweka darubini machoni, na maisha yangu yakabadilika.

Sijui nitaelezaje. Kitoto cha tumbili kikizaliwa kina manyoya meusi na uso wa rangi ya waridi, masikio makubwa kuliko akili yake. Kilikuwa kifuani kwa mama yake. Jike mmoja kijana akasogea, akajifanya anamchambua mama chawa begani, mkono mmoja ukateremka, ukagusa kitoto, ukarudi begani, ukateremka tena. Mama akatazama pembeni. Papo hapo kitoto kikawa kifuani kwa yule kijana! Akaruka nacho tawi la pili, akakinusa, akakigeuza, na mwingine akaja, akakivuta, akakipata, akakimbia nacho huku wa kwanza akimfuata akilalamika, na mama, huyo mama, alikuwa tayari chini kwenye nyanya za Jirani akila kwa mikono miwili. Mikono miwili! Kwa mara ya kwanza nilielewa maana ya mikono miwili. Nilipiga kelele. Kundi lote likatimka, na data yangu ya siku ya kwanza ikawa mikia.

"Umewafukuza," alisema Jirani kwa heshima mpya. "Mimi huwa nahitaji mawe."

Kuanzia siku hiyo tulikuwa wawili. Mimi nilikaa chini ya mgomba na saa yangu, nikiandika nani amembeba nani na kwa muda gani. Yeye alikaa kando yangu na kombeo mapajani, akitoa maelezo ambayo sikuyaomba, na ambayo mengi yalikuwa si kweli. Alishikilia kwamba dume mkubwa wa kundi alikuwa mume wa majike wote kwa ndoa ya halali, na kwamba alikuwa na haki ya wake wanne tu, hivyo wengine walikuwa wageni. Alidai kumjua tumbili mmoja tangu utotoni, akaniapia, kisha siku iliyofuata akamtambua mwingine kuwa ndiye huyo huyo. Lakini alikuwa na jicho la jambo moja. Alijua jike anayetaka mtoto kabla jike mwenyewe hajasogea. "Yule," alininong'oneza, akielekeza kidevu. "Mikono yake inamuwasha." Na kweli.

Kulikuwa na jike mmoja kijana ambaye hakujua kubeba. Alishika kitoto kwa mguu mmoja, kichwa kikaning'inia chini, akatembea nacho tawini kwa furaha isiyo na kifani. Siwezi kusahau Jirani akisimama katikati ya migomba yake, garbasaa ikianguka, akimfokea mnyama kwa Kisomali: "Kichwa! Shika kichwa, wewe! Mkono chini ya makalio! Nani alikulea?" Tumbili akasimama, akamtazama, akakigeuza kitoto. Najua kitaalamu kwamba hakufuata maagizo. Nimeandika kurasa nyingi kueleza kwa nini hakufuata maagizo. Lakini nilikuwepo.

Sasa, wasomaji wenye akili wameshaona shida yangu ya kitaaluma. Utafiti wangu uliuliza kama hawa mashangazi wa msituni hubeba watoto tu au huwanyonyesha pia. Kubeba ni jambo moja na kunyonyesha ni jingine, na tofauti hiyo, ambayo profesa aliiona kuwa suala dogo la sura ya tatu, mimi niliiona kuwa maisha yangu. Kila kitoto kilipofungua mdomo na kutafuta ziwa la jike asiye mama yake, nilishika pumzi. Kilishika, kikavuta, hakikupata kitu, kikalia, kikarudishwa. Nilifurahi kupita kiasi. Sidhani kama yupo mtafiti mwingine aliyekuwa akiomba dua ili matokeo yake yawe hafifu.

Profesa alikuja kutukagua mara moja, na ziara hiyo ilinifundisha mengi kuhusu Jirani. Kwangu alisema Kisomali, na hayo yote niliyoyaweka kinywani mwake nimeyageuza mimi. Kwa profesa, mtu wa Nairobi aliyevaa kofia pana, alisema Kiswahili chake cha sokoni.

"Karibu, brofesa. Usiogobe, hii tumbili haiumi. Inaiba tu."

"Ahsante, mama. Naambiwa unawajua vizuri."

"Mimi najua sana! Ile mnene ni bibi ya wote. Ile ndogo ni mbumbafu, nabeba mtoto kichwa chini. Nafundisha yeye."

Profesa alinitazama. Mimi nilitazama mto.

"Na je, umewahi kuona jike akimnyonyesha mtoto wa mwenzake?"

"Mara mingi!"

Kalamu ya profesa ilitoka mfukoni. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimtikisia Jirani kichwa kama mtu aliyeingiliwa na nyuki.

"Mara nyingi kiasi gani, mama?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni. Hata leo, kama wewe hungechelewa."

Profesa aliporudi kwenye gari lake nilimgeukia. "Eddo, tumekaa hapa miezi. Umeona hilo lini?"

"Sijaona," alisema, bila hata kupepesa. "Lakini ametoka Nairobi, na barabara ya Mwingi unaijua. Ningemwambia sijaona, si angesikitika?"

Wenzangu, nilitaka kumbusu. Usiku ule sikulala kwa furaha. Ikiwa mwanamke huyu anaweza kuwanyonyesha tumbili kwa mdomo ili mgeni asirudi mikono mitupu, kwa nini asiwe amewanyonyesha watoto wa mtaa vivyo hivyo? Nilianza kukumbuka. Kwenye harusi moja alisema alininyonyesha msimu mzima wa mvua. Kwenye nyingine alisema mpaka nilipoota meno. Kwa mke wa chifu alisema miaka miwili kamili, na kwamba ndiyo sababu nilipasi hisabati. Ushahidi wake ulikuwa unatembea. Lakini ushahidi unaotembea unaweza kutembea kuelekea upande wowote, na asubuhi nilikuwa na wasiwasi ule ule wa jana.

Kuna jambo lingine ambalo lilinichanganya. Alikuwa na moyo mkubwa, ndiyo, lakini haukuwa mlango wazi kama watu walivyodhani. Binti yake mkubwa alipojifungua mjukuu wa kwanza, tulikwenda wote kumwona. Mikono ikanyooshwa kutoka kila upande, kama alivyotuzoesha yeye. Jirani alimkumbatia mjukuu, akageukia ukuta. "Ana usingizi," alisema. Mtoto alikuwa macho, akitutazama juu ya bega lake. Mwanamke aliyechukua watoto wa watu wote hakumtoa wake. Nilikaa pale nikiona kitu nilichokiona kila asubuhi kwenye matawi: majike wa vyeo vya juu huchukua vitoto vya wanyonge wapendavyo, na vyao wenyewe hawamwachii mtu. Sikumwambia. Kuna matokeo ambayo mtafiti mwenye akili hayachapishi mpaka mhusika awe mbali.

Mtoto wake fundi aliyasema kwa namna yake. "Mimi nililelewa na nyumba ya tatu kutoka kwetu," aliniambia. "Mama alikuwa kazini, akilea watu."

Na bado nani angeweza kumkasirikia? Siku moja tulirudi kutoka shambani na kufika kwenye kizuizi cha daraja. Siku hizo mtu wa kwetu bila kitambulisho alikuwa kama mtu bila kivuli, na Jirani alikuwa amesahau chake kwenye kikapu kingine. Askari alinyoosha mkono. Pale kando, kwenye kibanda, mtoto wa askari mwenzake wa kike alikuwa akilia, kilio kile cha jua kali na tumbo. Jirani hakujibu swali. Alimpita askari, akainama kibandani, akatoka na mtoto begani, akaanza kumzungusha na kumwimbia, mara upande huu wa kizuizi, mara upande ule. Mtoto akacheua, akanyamaza, akalala. Mama yake alitoka mbio akiwa na koti nusu mwilini.

"Mama, umemfanyaje? Tangu asubuhi analia!"

"Tumbo yake iko na hewa. Wewe nabekua gari, nani nabiga mgongo yake?"

Askari wote walicheka, pamoja na yule wa kitambulisho. Tulipofika upande wa mjini nilimkumbusha kwamba hicho ndicho hasa alichokuwa akiwashtaki nacho tumbili. Alisimama katikati ya barabara. "Mimi," alisema kwa uchungu wa kweli, "sikuiba nyanya."

Pampu ya shamba, ile iliyovuta maji kutoka mtoni, iliharibika kila Ijumaa. Ilinichukua muda mrefu, mimi niliyefunzwa kutambua mwelekeo katika data, kugundua kwamba fundi aliyeitengeneza ndiye aliyekuwa akiilegeza mshipi kila alipofika. Siku niliyogundua nilikaa chini ya mgomba nikitabasamu kama mtu mgonjwa. Lakini Ijumaa moja hakuigusa pampu. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapangusa mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ami yangu wa Wajir amenitafutia msichana," alisema. "Mfungo ukiisha anataka jibu."

"Hongera," nilisema. Sauti yangu ilitoka kama ya tumbili.

"Sitaki hongera. Muulize mama."

"Muulize wewe. Ni mama yako."

"Ni mama yako pia," alisema. "Ndiyo shida."

Mara ya mwisho kumwona Jirani shambani ilikuwa juma la mwisho kabla sijarudi Nairobi kuandika. Mvua zilikuwa zimenyesha, mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ndizi zilikuwa zimenenepa. Yule jike asiyejua kubeba alikuwa sasa na kitoto chake mwenyewe, kifuani, kichwa juu. Jirani alimtazama kwa majivuno ya mwalimu siku ya matokeo. Nilijua kwamba nisipouliza hapo sitauliza tena.

"Eddo, kitoto kikishika ziwa la jike asiye na maziwa, kimenyonya?"

"Hapana. Kimedanganywa."

"Na kikibebwa mwezi mzima, lakini kisinyonye?"

"Kimebebwa. Kubebwa ni kubebwa."

"Na mimi?"

  Tumbili wawili waliteremka kwenye nyanya, mbele yetu kabisa, na kombeo lilibaki chini.

"Ni mwanangu, siyo?" alisema mwishowe.

"Nani, eddo?"

"Usinifanye mjinga. Hakuna pampu duniani inayojua siku ya Ijumaa."

Nilificha uso kwenye mtandio. Nilimsikia akicheka, kicheko kifupi, kisha kikakatika.

"Nimesema sana, hooyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimesema miaka mingi mpaka sijui nilichoona ni kipi na nilichosema ni kipi. Nyie wote nawaona hapa kifuani. Nikifumba macho mko wote. Lakini kwa sheikh hawataki macho yaliyofumbwa."

"Basi sema hapana," nilisema. Ndiyo, nilisema hivyo, mimi wa sayansi. "Ukisema hapana nani atakubishia?"

Alinitazama kama alivyomtazama yule jike aliyeshika mtoto kwa mguu. "Naitaka harusi ya huyu mwanangu kuliko unavyoitaka wewe. Kwa hiyo hapana yangu haina thamani. Hata mimi sitaiamini. Na kama si kweli, nitakuwa nimemlaza ndugu na ndugu." Aliokota kombeo, akalikung'uta udongo. "Kulikuwa na mwanamke akikaa uani kwenu mwaka ule uliozaliwa, akimsaidia mama yako. Wewe humjui. Alihama na mifugo. Nasikia yuko Kotile. Kama yu hai, nitamuuliza. Atakachosema nitakisema, hata kama ni ndiyo."

"Nikuandikie barua umpelekee?"

"Barua haina uso. Nitakwenda."

Ili mjue uzito wa neno hilo: Jirani hakupanda magari. Gari lilimtapisha kabla halijaondoka kituoni. Kutoka Garissa hadi Kotile, katika barabara ile, baada ya mvua zile, juu ya lori la unga! Nilirudi Nairobi nikiwa nimemwacha akiulizia malori, na kwa siku nyingi nilikaa mbele ya sura yangu ya tatu, nikisoma sentensi moja kuhusu mashangazi wasio na maziwa, bila kuimaliza. Mfungo uliingia. Mfungo ulikuwa unakaribia kwisha.

Simu ya bweni ilikuwa kwenye chumba cha mlinzi, chini ya ngazi. Aliita jina langu alasiri moja, akaongeza, "Kuna mama anapiga kelele, sijui kama anahitaji simu." Niliteremka ngazi bila kiatu kimoja.

"Hooyo! Mimi niko posta! Unanisikia?"

"Nakusikia, eddo. Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam! Nimetoka Kotile! Nimetapika mpaka dereva alilia! Yule mama yu hai. Meno hana hata moja, lakini anakumbuka hadi rangi ya kitambaa ulichofungwa."

Nyuma yake nilisikia sauti ya kiume ikisema kwa Kisomali, "Mama, maliza, na wengine tuna watu wa kuzungumza nao."

"Nyamaza wewe! Wewe nilikunyonyesha kweli kweli!" Kisha kwangu: "Uko?"

"Niko." 

"Mama yako alipougua homa ulikuwa mchanga wa siku chache. Nilikuchukua. Hilo ni kweli, nilikuchukua, ulilala kwangu. Nikakupa ziwa, ukageuza uso. Nikakupa tena, ukalia mpaka wazee wakaja mlangoni kuuliza nani amekufa. Wakajaribu wengine, wote ukawakataa. Ziwa langu, hooyo! Mtoto gani hukataa ziwa langu? Yule mama alipolisema nikakumbuka vile ulivyokunja pua. Kama unavyoikunja ukisoma. Ulikuwa na dharau hata kabla ya chuo kikuu."

 

"Kwa hiyo nilikunywa nini?"

"Mbuzi! Nilikukamulia mbuzi wangu mweupe, nikakunywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka mama yako akapona. Nimepita kwa sheikh kabla ya kuja hapa. Amecheka mpaka kofia ikaanguka. Amesema mbuzi hana hukumu." Sauti yake ikashuka ghafla, ikawa sauti ya mtu wa kawaida. "Na nimepita sokoni. Nimewaambia wanawake wote kwamba yule si wangu. Nilisema uongo miaka yote hii, na yule si wangu."

"Walisemaje, eddo?"

"Wanacheka mpaka sasa. Kila mtu aliye na posa anataka nimwapie upya. Acha wacheke." Nikamsikia akivuta pumzi. "Ilikuwa vigumu kukutoa, hooyo. Nilikuwa nimekuzoea."

"Mama!" ilisema ile sauti ya kiume.

"Namaliza! Hooyo, sikiliza, wazee wanakwenda kwa baba yako kesho baada ya alasiri. Nataka kujua kabla hawajavaa viatu. Yule mbuzi ana mtoto wa kiume anayekuposa?"

"Hana, eddo."

"Mimi ninaye. Ndiyo au hapana?"

Nilisema ndiyo, na nadhani niliisema kwa nguvu, maana mlinzi alisimama na wasichana wawili wakatoa vichwa dirishani ghorofa ya pili.

"Usipige kelele," alinipigia kelele Jirani kutoka Garissa. "Nimesikia."